Siku ya Ishirini na Nane

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Vidoa vyeusi tena. Vinaogelea juu ya ukurasa kama majani ya chai. Na ni jicho la kulia, hili ninalosomea! La kushoto halijawahi kuona zaidi ya mwanga. Darasani Sevinch, anayeniita Darubini kwa miwani yangu mizito, kanicheka: Darubini, mbona unafukuza inzi wasiokuwepo? Nikacheka naye. Mama sijamwambia.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemwambia. Kulikuwa na kivuli pembeni, kama mtu anavuta pazia. Tukatoka kwetu Marg‘ilon asubuhi ileile, hadi hospitali ya Farg‘ona. Daktari mwanamke, mikono baridi. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, imeanza kubanduka. Sisi tuliozaliwa njiti, anasema, hatari hii hutufuata hadi ujanani. Tulipaswa kupimwa kila mwaka. Miaka kumi na sita — sikujua!

Akamwuliza Mama: alipofika wiki nne, macho yalipimwa wapi?

Mama akasema siku ya ishirini na nane walitupangia kipimo. Lakini arobaini ilikuwa haijatimia. Bibi alikataa nitolewe nje.

Daktari akaweka kalamu chini. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Kwenye teksi Mama akasema: "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanangu. Mama mkwe ningemjibu nini?"

Namchukia? Hapana. Ndiyo. Sijui.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wodini. Upasuaji kesho. Huenda nikaona baadaye, huenda nisione. Daktari hataki kuahidi.

Mchana huu Bibi kaja na mkate wa tanuri na supu ya kondoo. Kaamkia kila kitanda kama yuko arusini. Sasa anamsimulia mama wa kitanda cha pili:

"Kilo moja na robo, dada! Unamshika unaogopa. Nikamfungia mlango siku arobaini. Madaktari wanapiga simu, mlete, mlete — nikawaambia nani, mimi? Nimtoe husuda za watu zimmalize? Haya, mtazame. Msichana mzima!"

Ni kweli, niko hai.

Hakuna aliyemwambia Bibi alichouliza daktari. Baba kasema tusimwambie, moyo wake mbovu. Mama anakunja taulo ileile mara ya tatu.

"Kipenzi," Bibi ananiita, "hebu mwambie dada huyu nani alikuokoa."

Naandika nisije nikainua uso. Mama ameacha kukunja.

"We mtoto! Si unisemee?"