Boliti Mbili za Juu

Jumapili, 2 Juni

Salamu, daftari langu. Hujambo? Miezi minne hatujaonana. Mimi mzima, ni magoti tu yanalalamika. Kurasa zako za mwanzo zimejaa vipimo vya viti vya magari ya watu. Leo nakupa ya moyoni, maana wewe ukiambiwa huendi kusimulia bombani.

Kikao cha familia kimeisha. Shemeji, kaka wa marehemu mume wangu, kaja na maneno kayapanga kama mashati dukani. Eti pikapu ni mali ya ukoo, injini imekufa, gari limekaa linaliwa na kutu, bora liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vyuma chakavu! Gari ambalo marehemu aliliosha kuliko alivyojiosha yeye! Ndilo linalobeba sponji zangu na viti vya wateja. Likiondoka, mimi na cherehani yangu tutakaa kutazamana.

Nikasema injini nyingine ninayo, imelala karakana chini ya turubai. Shemeji akacheka. Injini ni moyo wa gari, shemeji, kasema, si foronya. Haibadilishwi kwa sindano. Watu wakacheka. Nami nikacheka — kwa meno tu.

Aliyekata shauri ni mama mkwe, muda wote alikuwa anachambua mboga. Jumamosi saa sita mchana, kasema. Likinguruma, ni la mke wa mwanangu. Lisiponguruma, liuzwe. Akarudi kwenye mboga zake.

Siku sita. Mungu aliumba dunia kwa siku sita — mimi naomba pikapu moja tu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza na sala, kisha betri. Fundi ni Bonge, jirani yangu wa karakana. Yeye upande wa injini, mimi upande wa viti, miaka kumi na mmoja tunatenganishwa na bati moja. Hodari. Ila mwili! Akiingia chini ya gari, gari ndilo linaloinuka.

Tumetoa rejeta, ekzosi, mipira, nyaya. Kila boliti naichomeka kwenye kadibodi niliyochora umbo la injini, mahali pale pale ilipotoka. Ndivyo ninavyofanya nikifumua kiti. Bonge kaniuliza, "Mama Viti, tunashona au tunafungua?" Nikamwambia wewe zako unazimwaga kwenye kopo moja, ndiyo maana kila gari unalolifunga linabakiza boliti tatu. Anajua.

Jumanne, 4 Juni

Tumekwama. Injini imeshikamana na giaboksi kwa boliti zilizoizunguka. Za chini zimetoka. Mbili za juu — hizo! Zimejibanza nyuma kabisa, kati ya injini na ukuta wa kebini. Mkono wa Bonge haupiti. Wangu unapita, lakini spana ikiingia haina pa kugeukia. Tumejaribu kutoka juu, kutoka chini, kutoka ubavuni. Bonge katoka na grisi hadi masikioni. Hakuna njia, kasema, tukate sakafu ya kebini kwa grenda.

Nikamwambia hukati.

"Mama, mimi ndiye fundi."

Na mimi ndiye mwenye mkasi! Miaka ishirini na minne nashona. Kilichofumuliwa hurudi. Kilichokatwa hakirudi. Sakafu ikikatwa, kutu itaingia kama mgeni asiyebisha hodi, na shemeji atasimama pale kidole kimenyooka: mmeona, ameliua mwenyewe.

Shemeji mwenyewe alipita saa kumi, eti anasalimia. Akachungulia. "Bado tu?" Nikamkaribisha ashike spana. Ana safari, kasema.

Jumatano, 5 Juni

Daftari, leo nimeumbuka mbele ya Mungu na mbele ya Bonge. Ngoja nicheke kwanza.

Asubuhi nimelala chalichali chini ya gari, natazama mkono wa gia unavyopanda kuingia kebini. Pale unapopita kuna bamba la bati, na ncha nne za skrubu zinachungulia pembeni. Nikajiuliza — ncha ziko huku, vichwa viko wapi? Nikapanda ndani. Zulia tupu. Bonge akasema ameshaangalia, gari hili halina kifuniko, zulia limetoka hivyo kiwandani.

Kiwandani! Nikainama nikauona mshono. Mshono wangu! Miaka sita iliyopita marehemu alilalamika vumbi linamwingia kupitia penye gia. Nikamshonea ngozi kuuzunguka mkono wa gia, nikaiunga na zulia, chini gundi, juu uzi mara mbili. Akatembea akijisifu karakana nzima, eti hata sisimizi sasa aombe ruhusa. Kumbe nilishona mlango nikaufunga.

Bonge alikaa chini kwa kicheko. "Mama Viti, umetufungia nje kwa uzi!" Nikamwambia na wewe ulitaka kubomoa nyumba na mlango upo.

Nikafumua. Pindo baada ya pindo, kwa wembe mdogo. Siku zilikuwa zinakwisha na bado pale sikuwa na haraka, Mungu anisamehe. Mshono ule niliushona yeye ameketi kando, kanishikia gundi, anapiga soga. Sikulia. Nilipiga chafya tu — vumbi la miaka sita lilikuwa pale chini linaningoja.

Bamba limetoka. Shimo kubwa kama sahani. Mkono ukazama hadi kiwiko, na vidole vikazipata zile boliti kabla ya macho. Zote mbili!

Jumatano njema kuliko zote mwaka huu.

Alhamisi, 6 Juni

Boliti ya kwanza imetoka kwa spana ndefu ya soketi. Ya pili imegoma. Mafuta, nyundo kidogo, dua nyingi. Bonge kavisha bomba kwenye mpini akavuta, mimi naishikilia soketi isichomoke. Ka! — nikadhani mfupa wangu. Kumbe boliti imelegea! Kucha ya kidole gumba imekwenda. Iende salama.

Tukavuta injini kwa mnyororo. Haitoki. Bonge akachukua mtaimbo aitenganishe kwa nguvu. Weka chini, nikamwambia. Nikaenda na kadibodi yangu kwenye injini ya chini ya turubai, nikahesabu matundu ya kuungia giaboksi. Tisa. Boliti za giaboksi kwenye kadibodi nane. Tukaisaka ya tisa: iko nyuma ya stata, ile mota ya kuwashia injini, imejifunika tope gubigubi. Angetia mtaimbo, giaboksi ingepasuka, tungezika maiti mbili.

Saa tisa injini ya zamani ikatoka. Ikaning'inia inadondosha mafuta. Nilitaka kuiaga vizuri, nikakosa maneno. Nikasema tu: umefanya kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika ndani ya kebini, daftari pajani. Mkono wa kushoto umo shimoni, wa kulia ndio huu. Usicheke mwandiko.

Injini mpya inaning'inia kwa mnyororo. Imegusana na giaboksi lakini hazijaingiliana — umebaki upana wa kidole. Bonge yuko mbele anaitikisa. Matundu ya juu yakikutana, nidumbukize boliti.

Shemeji kaja. Leo! Kaja na gari la kuvuta na mnunuzi wa vyuma mwenye kalamu sikioni. Eti mnunuzi kesho hana nafasi, na siku moja ni nini, kila mtu anaona gari limepasuliwa tumbo. Akamwamuru Bonge ashushe mnyororo, atoe injini pembeni. Bonge kageuza ndoo, kakaa juu yake katikati ya njia. "Nisogeze," kamwambia. Nani atamsogeza Bonge!

Basi shemeji kanijia dirishani. Shuka, kasema. Nikasema nina kazi. Akasema shemeji, usinilazimishe. Nikamwambia mkono wangu umo ndani ya gari hili hadi kiwiko. Ukilivuta, umenivuta na mimi. Na Jumamosi haiji mapema kwa kusukumwa.

Sasa mlango wa abiria umefunguka — mama mkwe! Kaja kwa miguu, anahema. Kapanda, kaketi kwenye kiti nilichomshonea mwanawe, kavuta mkanda, kafunga. Shemeji huko nje analalama: mama, gari halina hata injini, unakwenda wapi?

"Jumamosi," kamjibu.

Hata mnunuzi kacheka. Lakini dereva wa gari la kuvuta hacheki, anakunjua ndoano. Bonge karudi kwenye injini, anapiga kelele nijiandae. Mama mkwe ananishikia tochi. Naona mwanga ndani ya tundu, mdogo, kama tundu la sindano: matundu yanaanza kukutana.

Ee Mungu, naweka kalamu, nahitaji mikono yote miwili. Nijibu upesi.