Springi ya Bastola ya Baba

Jumatano, Marui

Bastola ya marehemu baba naifungua kwa mikono mitupu, bila bisibisi, tena nimefumba macho. Uongo huo. Leo nimevuta kile chuma cha juu, springi ikaruka kama panzi mpaka kwenye ungo wa unga wa muhogo.

Mke wangu akacheka. "Mzee, si ulisema unaijua?"

"Naijua. Yenyewe ndiyo hainijui."

Springi tumeipata, ila sijui inarudi wapi. Kesho mjumbe wa nyumba kumi ananisindikiza kuisalimisha polisi. Akikuta vipande, atasema nimeficha vingine.

Baba alimfundisha kaka Shabani peke yake. Mimi nilitumwa kuchunga mbuzi. Uzee wote huu, bado inaniuma.

Nimemtumia ujumbe kwa simu: "Kaka, choo unachokikalia huko kwako Picha ya Ndege nilikichimba mimi. Sasa nawe njoo alfajiri uirudishe hii springi."