Kibanja Nilichoomba Bila Kukusudia

Buganguzi, Jumanne

Kaka Deo mpendwa,

Nisalimie wote hapo Ijuganyondo, na wewe mwenyewe ujisalimie. Usicheke: likizo hii mimi ni mratibu wa utafiti. Serikali inataka kujua watu wanasemaje juu ya sheria za urithi, basi natangulia kwa wenyeji kuomba nafasi, halafu namtafsiria mwanasheria aliyetoka Dar es Salaam.

Leo tulikuwa kwa bibi mmoja asiyejua Kiswahili. Alitupa kahawa ya kutafuna, na punje zikiwa bado mdomoni mwanasheria akauliza, "Binti akitaka kibanja cha baba yake, apewe?" Nikaligeuza swali kwa Kihaya, macho chini, kwa sauti yangu ile ya kuomba chumvi kwa jirani.

Bibi akadhani ninayeomba ni mimi.

"Mjukuu wangu, ya nini kumsumbua mgeni? Shamba la baba yako yeye atalitoa wapi? Una kaka?"

"Ninaye, waitu," nikaitikia kwa heshima.

"Basi kamwambie yeye."

Mwanasheria akasubiri tafsiri. Nikamwambia kwamba bibi bado anafikiri. Kumbe aliyekuwa anafikiri ni mimi.

Kaka, kwa mdomo siwezi, unanijua. Nami nataka sehemu ya kibanja cha marehemu Baba, upande wa mibuni. Migomba baki nayo, maana ulaji wako wa ndizi naujua.

Ushibe, ulale salama. Na usiseme hukuipata kadi hii: haina bahasha, posta nzima imeshaisoma. Mashahidi ninao.

Mdogo wako akupendaye,
Koku