Jeneza Linaloimba

Temeke, Jumapili, Mfunguo Mosi

Wamelidhania jeneza tena!

Mie na binamu yangu Sefu tulikuwa tunalipeleka kasha la sello harusini kwa dada, tumelibeba begani. Wazee waliokuwa barazani wakaacha bao, wakaja mbio kutupokea.

"Inna lillahi. Mtoto wa nani?" akauliza mmoja.

"Fidla, mzee," Sefu akajibu. "Fidla kubwa."

Wakatuachia palepale njiani, wamenuna kana kwamba tumewadhulumu thawabu zao.

Baba alishaniambia: nikimwaibisha mbele ya wakwe, sello lirudi kwa yule Mgoa aliyenifundisha. Niliogopa, sifichi. Kipande chenyewe cha muziki ni cha Kizungu, hakina mwimbaji, na watu wetu bila maneno...

Tulipofika harusini nikakaa, nikalibana sello kwa magoti. Akina mama wakacheka. Nikaanza kupiga.

Kicheko kikakatika. Wale wazee wa bao nao wakasogea mlangoni, wakasimama mpaka mwisho. Halafu vigelegele! Uwanja mzima!

Kwenye klabu ya Wazungu ninakopiga napitishwa mlango wa jikoni. Leo, wakati wa kurudi, sikuruhusiwa hata kuligusa kasha. Baba alitangulia kuweka bega, wazee wakafuata, wakawa wanapokezana mpaka kwetu.

Njiani mpita njia akauliza nani kafariki.

"Hajafa mtu," akajibu yule mzee aliyetuuliza asubuhi, bega lake chini ya kasha. "Huyu kaimba mpaka kachoka. Tunamrudisha nyumbani akalale."