Kuta Zilizosomwa kwa Vidole

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi; Chifu wetu; wachungaji; Mama Njoki, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi; wazee wa mtaa, walimu na mafundi; nanyi mliokosa nafasi humu ndani na mnaosikiliza mkiwa upande wa pili wa ukuta huu: nawasalimu nyote kwa heshima. Mliniita kama msanifu majengo nieleze jinsi jumba hili la maarifa lilivyobuniwa. Niwieni radhi. Sehemu yake iliyo bora niliirithi kwa mtu ambaye hayupo, na kumtaja juu juu katika hotuba kungekuwa ukosefu wa adabu. Nimemwandikia barua. Naomba niisome.

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa Kiandutu, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tukichota maji, ndani ya jumba ambalo hukuliona. Kabla sijakueleza lilivyo, nikukumbushe ile asubuhi tuliyoambiwa tuhame ploti. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa bado ameduwaa mlangoni, nawe tayari ulikuwa juu ya paa ukichomoa misumari, kwa kuwa hukuwahi kupigilia msumari hadi kichwa chake kizame. "Nyumba iliyo juu ya ardhi ya mtu mwingine iachiwe pumzi," ulizoea kusema. Jirani wa mlango wa pili alikucheka mtaa mzima ukasikia: "Baba Wambui, wewe ni kobe! Unatembea na nyumba mgongoni!" Ukamjibu bila kugeuka, misumari ikiwa mdomoni: "Na lini ulisikia kobe amelala nje?"

Jioni hiyo tulikula katika nyumba ile ile ya mabati, ploti nyingine. Dirisha langu lilikuwa mahali pake. Hata ule ufa wa mwanga juu ya kitanda changu ulikuwa mahali pake. Uliweza kwa sababu ya vishimo. Katika pembe ya juu ya kila bati ulikuwa umegonga vishimo kwa ncha ya msumari, visivyotoboa, kuonyesha ni ukuta wa ngapi. Katika pembe ya chini, ni bati la ngapi katika ukuta huo. Wewe uliyeweka kidole gumba mahali ambapo wenzako waliweka sahihi, ulikuwa na maandishi yako. Nilikuuliza kwa nini hutumii chaki kama mafundi wengine. Ulinishika mkono, ukapitisha kidole changu juu ya bati. "Maitu," ulisema, ukiniita mama yetu kwa kuwa nilibeba jina la mama yako, "mvua hufuta chaki. Hiki utakisoma hata ukifumba macho."

Nikaendelea na shule, Baba, nikalionea haya bati lile. Niliapa kwamba nitakachojenga mimi hakitahama kamwe. Utakikumbuka kituo changu cha kwanza cha mafunzo, kile kidogo cha Gitothua. Ulikuja kukiona ukiwa umevaa koti la Jumapili. Nikakuonyesha chumba cha kompyuta: meza zote za zege, zimetobolewa matundu ya nyaya kwa vipimo vya zile mashine nene za wakati huo. Ulizunguka ukizigonga kwa vifundo vya vidole.

"Na mashine zikibadilika, meza hizi zitahama vipi?"

"Hazihami, Baba. Ni zege."

Ulicheka hadi ukakohoa. "Basi umezijengea kaburi."

Nilikasirika, sikukupigia simu kwa wiki mbili. Siku hizi watoto wa Gitothua husomea vibao vya kushika mkononi, na juu ya zege langu wamepanga magunia ya mahindi. Hukuishi kunisikia nikikiri kwamba ulikuwa na haki ya kucheka. Nakiri leo, mbele ya watu.

Jumba hili nimelifanya kwa njia nyingine. Paa, nguzo na sakafu ni vya kudumu, vimeishika ardhi barabara. Umeme wa jua unateremka kutoka darini kila baada ya hatua mbili, ili chombo chochote watakachosomea wajukuu zako kipate pa kuchomekwa. Rafu za vitabu zina magurudumu. Na kuta zote nne, kila moja vipande sita vya bati jepesi lililojazwa kizuia kelele, zimeshikwa kwa bolti. Asubuhi patakuwa na vyumba vya wanafunzi. Alasiri, nafasi pana ya wakulima wa Ngoliba wanaokuja kufundishana kumwagilia shamba kwa matone. Jumamosi, ukumbi mmoja. Kesho kutwa litakuwa kitu ambacho siwezi kukifikiria, wala halitaningoja nikifikirie.

Lakini watu hawakulitaka. Mama Njoki alisimama kikaoni akanielekezea kidole: "Wambui, tumezaliwa kwa mabati, tukazalia kwa mabati. Wewe tuliyekusomesha kwa harambee unatuletea nyumba ya kufunguliwa na spana? Kinachohamishika huhamishwa! Tupe mawe ya machimbo ya Ndarugo, na sisi tuonekane watu."

Hakukosea, Baba. Alikuwa amehamishwa mara nyingi kuliko sisi. Nikatoa ahadi: siku ya majaribio, wakazi wenyewe wazifungue kuta zote na kuzirudisha, mbele ya kamati. Zikishindwa kurudi, zijengwe mawe na saruji, nami nisipinge.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nilifika nikakuta akina mama wamekwisha kufungua vipande vyote na kuvilaza sakafuni, vinang'aa kama sahani za arusi. Otieno, fundi wa rangi, na kikundi chake walikuwa wamejitolea kulipaka jumba lote siku iliyotangulia, wageni wasitukute ovyo.

"Madam," aliniambia akijifuta mikono, "nimepiga rangi mpaka malaika watauliza fundi ni nani!"

"Otieno, nambari ziko wapi?"

"Nambari gani? Zile za kuchafua ukuta? Nimezizika. Koti mbili za rangi!"

Kila kipande kina nafasi yake, kwa ajili ya milango, madirisha na nyaya, na nambari zilizoandikwa juu yake ndizo zilizoionyesha. Ukikiweka pa mwenzake, bolti haziingii. Nilivitazama vile vipande ishirini na vinne, vyote krimu, vyote pacha, na masikioni nikawa nasikia lori la mawe likipanda barabara. Ndipo Mama Njoki alipoinama, akapapasa pembe ya kipande kimoja, akakunja uso.

"Otieno! Rangi yako ina vishimo."

"Si rangi yangu, mama. Hiyo ni ndui ya bati!"

Baba, hapo nikakumbuka. Vipande hivyo vilipokuwa vikikatwa katika karakana ya Gitothua, nilichukua msumari na nyundo nikagonga vishimo vyako katika kila kimoja, juu na chini. Sikumwambia mtu. Nilifanya hivyo kwa kukukumbuka tu, wala sikudhani vitakuja kuwa na kazi.

"Mama Njoki, fumba macho. Hesabu kwa kidole."

"Juu, tatu. Chini... ngoja... tano."

"Ukuta wa tatu, kipande cha tano. Kipelekeni."

Basi wakaingia kazini, macho wameyafumba kana kwamba wanasali, wakiitana kwa nambari. "Mimi ni moja-sita! Moja-tano yuko wapi, niolewe karibu naye?" Sufuria kubwa ya chai ilikuwa haijachemka, na kuta zote zilikuwa zimesimama. Mama Njoki, aliyekujua tangu enzi za ploti, alikaza bolti ya mwisho, akabaki ameuegemea ukuta.

"Kumbe yule mzee alikuwa anaandika," alisema. "Na sisi tukidhani anagonga tu." Akaugonga ukuta kidogo. "Utahamishwa, sawa. Lakini na sisi wenyewe."

Tangu tukuzike Ngoliba nilikuwa napumua nusu nusu, nikihofu kwamba nilikuacha uende ukiamini nimeikana kazi yako. Siku hiyo nilishusha pumzi yote. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi ya Otieno, nikanywa chai, nikacheka peke yangu.

Sasa nikuage, Baba, kwa kuwa watu wana kazi. Jana kamati ilikata shauri, ikanipa heshima ya kulitangaza: saruji haitagusa kuta hizi. Sharti ni moja, na Mama Njoki ndiye aliyeliweka. Ujuzi wa kuzifungua usibaki kwangu, wala kwa fundi mmoja. Kila mtaa wa Kiandutu uteue watu wawili, mwanamke na mwanamume, hapa hapa, kabla chai haijamiminwa. Spana zao ziko mezani. Somo lao la kwanza ni ukuta ulio nyuma yangu, unaowatenga waliokaa kivulini na waliosimama juani. Ndugu zangu, teueni sasa. Kisha uondoeni, wenzetu waingie.

Pumzika, Baba.

Ni mimi binti yako, uliyemwita Maitu.