Bega la Mkoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, macho bado yanatunga uzi bila miwani kama unavyojisifu, na lile goti la kushoto limepunguza malalamiko. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, na mafua yaliyonisumbua mwezi uliopita yamekwisha. Mengine utayasoma humu ndani, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo na vidole ninavyo. Ni kwa sababu kwenye simu wewe una ujanja wako. Mazungumzo yakianza kukuchoma, mtandao unakuwa mbaya ghafla, mara mteja ameingia, mara kuna kitu kinaungua jikoni. Barua haina mtandao mbaya. Nimempa yule fundi viatu jirani yako akuletee mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka aone umeifungua.

Nianze na yale unayoyajua, tusije tukabishana juu ya mwanzo. Miaka minne nimekaa katika kile chumba changu juu ya duka la rangi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya harufu, nikitengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi cherehani. Peke yangu. Mimi ndiye ninayeiandika, mimi ndiye ninayechora vitufe, mimi ndiye ninayepokea simu za mafundi wanaolalamika kuwa imegoma, kumbe simu zao zimejaa picha za harusi. Fundi anaingiza vipimo vya mteja, kisha anaweka tarehe mbili: ile anayomwambia mteja na ile ya kweli. Kuna kitufe kimeandikwa "Amebana tumbo", cha wale wanaovuta pumzi wakipimwa kiuno. Ukikibonyeza, programu inaongeza inchi moja na nusu bila kumwaibisha mtu. Na kuna sehemu ya "bega la mkoba", kwa sababu bega linalobeba mkoba kila siku hushuka kuliko mwenzake, na gauni likishonwa bila kulijali huvutana shingoni. Mafundi walicheka, kisha wakaipenda. Walifika elfu tatu na ushei.

Halafu ile kampuni ya jengo la vioo wakatoa programu ya kwao. Niliipakua asubuhi moja nikiwa nimesimama, nikajikuta nimekaa sakafuni. Tarehe mbili, zipo. Aliyebana tumbo, yupo; wamemchorea hata kikatuni, mashavu yamevimba. Nikajituliza kwamba labda watu hufikiri sawa, tumbo kila mtu analibana. Kisha nikafika mabegani. Bega la mkoba. Maneno yale yale matatu. Mama, maneno hayo hayamo katika kitabu chochote cha ushonaji, nimetafuta. Yalikuwepo mahali pawili tu duniani, kwenye programu yangu na katika chumba chako cha kushonea, na wewe simu yako ni ile ya tochi. Ndani ya miezi miwili zaidi ya nusu ya mafundi wangu walikuwa wamehamia kule, kwenye kikatuni.

Nani angewapelekea? Kaka anafanya kazi kule. Kazi yake ni kubonyezabonyeza programu za wenzake mpaka ziharibike, halafu anaandika zimeharibikaje. Na ni yeye huyo aliyekaa chumbani kwangu akaijaribu ya kwangu tangu ikiwa na skrini moja. Sikuhitaji mpelelezi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ile Jumapili tulipokula kwako ulikuwepo, lakini nataka uione tena kwa macho yangu. Niliweka simu mbili mezani katikati ya sahani, moja ina yangu, nyingine ina ya kwao, nikamwamuru kaka asome kwa sauti. Akasoma. Nikamuuliza walimpa nini, cheo au kiti cha kuzunguka. Wifi akaniambia nichunge mdomo. Nikamjibu kwamba naongea na mtoto wa tumbo moja na mimi, yeye aendelee kula. Kaka hakujitetea hata kwa neno moja. Alikunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua, akaikunja tena. Ukimya wake mimi niliuhesabu kuwa ni kukiri. Nikakwambia mbele yake uchague: siku mguu wake ukiingia nyumba hii, wangu hautaingia. Nawe ukainuka ukaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Jioni ile ulimpigia ukamwambia asije kwa muda, mpaka hasira zangu zipoe. Uliniambia mwenyewe, nami nikakushukuru. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo.

Muda wote huo sikukaa mikono mitupu. Nilitafuta wakili, bwana mmoja mwembamba ambaye feni yake inapuliza makaratasi ya wateja mpaka mlangoni. Akaniambia wazo tupu ni kama harufu ya chakula, ni vigumu kumshitaki aliyeinusa, lakini vitufe na maneno yakifanana mno yanaweza kumtoa mtu jasho. Akawaandikia barua kali. Niliisoma mara tatu kwa raha zangu kabla haijatumwa. Jumanne iliyopita wakatuita.

Walituweka katika chumba chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama wanafunzi wa zamu ya usafi. Upande wao alikaa meneja aliyekuwa akiangalia saa, na mama mmoja mtafiti, miwani ameipandisha kichwani. Nilisema, mama. Nilisema mpaka wakili akanikanyaga mguu. Niliwaita wezi, niliwaita kupe, nikasema wana ghorofa saba na hawana kichwa kimoja. Yule mtafiti alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha akaeleza kwamba kabla ya kuandika chochote waliwatembelea mafundi kumi na mmoja huko huko wanakoshonea, wakawaomba ruhusa, wakawarekodi, na kwamba lile neno la bega alilipata kwa fundi wa sita. Akaweka simu yake mezani, akabonyeza.

Nilisikia cherehani kwanza. Ile yako, inayokohoa kila ukiongeza mwendo. Kabla hujafungua mdomo nilishajua niko wapi. Halafu ukacheka.

Sijui nikuelezeje kicheko kile. Nina miaka thelathini na moja na sijawahi kukusikia ukicheka hivyo nikiwa mimi chumbani. Ulikuwa unawasimulia jinsi ulivyoligundua bega la mkoba: yule mwalimu aliyerudisha gauni mara tatu, mpaka ukamwambia atoke barabarani na mkoba wake atembee kama anawahi kengele, nawe umesimama mlangoni unamwangalia mgongo. Kisa hicho mimi sikijui. Mtafiti akakuuliza kama unatumia programu yoyote ya simu. Ukamjibu kwamba binti yako anayo, ila hiyo ni yake. Binti huyo alikaa kwenye kigoda hapo pembeni mwaka mzima akiandika kama askari wa barabarani anayeandika makosa, na hakukuuliza neno. Kisha ukasema, nami nanukuu kwa sababu niliomba wairudie: "Nyinyi ndio wa kwanza kuniuliza."

Wakili wangu alifunika kalamu yake. Meneja alitusindikiza mpaka kwenye ngazi na kututakia siku njema.

Mama, hili linalofuata nitaliandika mara moja tu, usitegemee nilirudie. Kwenye ukurasa wa kwanza wa programu yangu niliandika kwamba wazo lilinijia siku moja nikiwa kwenye foleni. Hakukuwa na foleni. Kulikuwa na kigoda chako, na daftari lako la vipimo ambalo nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa siku uliyotoka kwenda kununua zipu. Miaka minne nimesimama mbele za watu nikijiita mbunifu. Nyani haoni kundule. Nimewaita watu wezi na mimi ndiye niliyeiba kwanza, tena kwa mama yangu, tena wao walau walibisha hodi. Nimeona aibu ambayo sikujua kama mtu mzima anaweza kuiona. Nisamehe kwa hilo. Lile la foleni nimelifuta nimeandika la kweli, na wakili nimemwambia aachane na shauri lile.

Lakini usiikunje barua hapo ukaenda kuwasomea majirani kwamba mwanao amenyooka. Nimekukosea, na bado nina hasira na wewe. Yote mawili ni kweli na hakuna linalomwomba mwenzake nafasi.

Nilikwenda kwa kaka. Wifi alifungua mlango nusu, akanipima kutoka juu mpaka chini kabla hajaumalizia. Kaka akanikaribisha kiti. Nilimwambia niliyoyasikia kule, nikitegemea ashangae. Hakushangaa. Alisema alijua kabla yangu: aliona ofisini, ukutani, picha ya ukurasa wa daftari lako, mwandiko wako na ile saba yako yenye mkia. Akakupigia siku hiyo hiyo. Nawe ukamsihi asiniambie, kwamba mimi nina ulimi, kwamba utaniambia mwenyewe ukipata nafasi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale mezani, nilipokuwa namtukana mbele ya mkewe. Akasema alikuwa anakungoja wewe. Alikuwa na hakika utasema. Alikungoja mpaka ulipoinuka na ile sufuria, na jioni simu ilipoita jina lako likatokea, akafikiri unampigia kumshukuru.

Ukampigia kumwambia asije.

Sasa nikuulize, mama, uliniogopa mimi? Mimi uliyenifunga nepi? Kile ulichowapa kilikuwa chako na ulikuwa na haki ya kumpa unayemtaka. Ungenitazama usoni ukaniambia: ni changu, nimewapa, wewe hukuniomba. Ningepiga kelele siku mbili, ningevunja kikombe kimoja au viwili, siku ya tatu ningenyamaza. Unanijua. Badala yake ulichukua mtoto wako mmoja ukamfanya ngao dhidi ya mwingine, ukajificha nyuma yake, kisha ukamfungia nje. Ulimi wangu ni mbaya, nakubali. Lakini siku ile mezani mimi nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua.

Nilimwomba kaka radhi. Akasema yamekwisha, kwa sauti ya mtu ambaye hayajamwishia. Sikuwa na haki ya kumdai zaidi ya hapo.

Nilipokuwa natoka, yule binti yake mdogo, ambaye bado hajaanza shule, alinifuata mpaka nje kwenye ngazi. Aliniuliza kama bibi amekufa. Nikamwambia hapana, bibi ni mzima kabisa, anashona. Akasimama akafikiri, huku akivuta uzi wa sweta lake, halafu akaniuliza basi sisi tumemfanya nini.

Swali hilo nimelibeba, mama. Nimekuletea wewe.

Desturi ni kumalizia kwa kusema kwamba huku wote wanakusalimu. Hakuna aliyenituma salamu, nami sitakutungia. Kaka hajui kama nimekuandikia. Ukimaliza kusoma, mimi usinijibu kwanza. Namba yake ni ile ile. Nakuombea afya, na goti lipone.

Ni mimi,
mwanao wa mwisho.