Jino Nililoliziba kwa Chingamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana hakuna makalio ya mheshimiwa hapa mjini ambayo hayajakalia sofa langu, na waziri mmoja alisinzia kwenye kochi nililolishona mimi, wakashindwa kumwamsha, wakambeba nalo mpaka mkutanoni.

Basi jirani na karakana yangu pana duka la dawa, na muuzaji ni mama mmoja mjane mwenye sauti laini kama sponji jipya, na kila nikimaliza kula naenda kununua chingamu isiyo na sukari, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniambia inaleta mate na mate yanaosha meno, nikatafuna mpaka taya zikaota misuli, lakini mshauri, natamani kucheka naye siwezi, jino la mbele lina shimo kwa sababu ya kubana misumari ya makochi mdomoni tangu ujana, nikicheka naziba mdomo kama bibi harusi.

Siku aliponikaribisha chai nikasema fundi hashindwi na shimo, nikajaza chingamu nyeupe, nikaichonga kwa kucha ikakaa. Nikacheka, mshauri, mdomo wazi, naye akasema, "Kumbe una kicheko kizuri hivi, fundi. Ulikuwa unamfichia nani?" Ndipo nikanywa chai ya moto, jino likalainika, likanasa kwenye kikombe, likavutika kama uzi mpaka mezani. Nikaondoka bila kuaga.

Tangu hapo napita nyuma ya majengo. Jioni nikimsikia anafunga mlango wa chuma, mkono unasimama juu ya kitambaa, sishoni tena. Binti wa dada yangu anasema, "Mjomba, yule mama anakuulizia kila siku." Nimpelekee sofa la bure, au nihame mtaa? Kwa daktari wa meno nilishafika. Ukweli ni kwamba niliona sindano, nikamwambia nimekuja kupima viti vyake.

Mpendwa fundi wa sofa,

Pole, ila mengine umejitakia. Chingamu isiyo na sukari ni msaidizi wa mswaki. Itafune baada ya kula, sawa, lakini jino lililokwisha kutoboka halizibiki hata utafune duka zima. Mteja akikuletea kochi lililovunjika mguu, unalipulizia marashi?

Sofa la nini? Kuhama, wapi? Misumari itie kwenye kopo, piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, urudi kwa yule daktari, na safari hii kiti ukikalie. Lakini kwanza pita mbele ya lile duka, na shimo lako hivyo hivyo. Mwanamke aliyeona jino likivutika mpaka mezani, na bado anakuulizia, hangoji jino. Mwambie unaogopa sindano, umwombe akusindikize.